Paja la Nguruwe Lililofika Buffalo

Nitaanza na nyama, maana nikianza na watu nitakasirika kabla hujajua kisa.

Paja la nguruwe la Kentucky si nyama ya kununua leo ukala leo. Linauzwa limekaushwa kwa chumvi, gumu, na juu lina ukungu ambao mara ya kwanza ulinifanya nitake kulirudisha dukani. Aliyenifundisha kulipika ni bibi mmoja niliyekuwa namtunza katika nyumba ya wazee, mjini kwetu Louisville. Mikono yake ilikuwa haishiki tena kalamu, kwa hiyo alinieleza kwa mdomo huku nikimvisha soksi, nami nikawa narudia mpaka yakakaa kichwani: sugua ukungu kwa brashi, loweka siku mbili ukibadilisha maji asubuhi na jioni, chemsha kwa moto mdogo hadi mfupa ucheze. Kisha toa ngozi, chanja mafuta kwa kisu, chomeka karafuu, paka haradali na sukari ya kahawia, ingiza kwenye oveni. Tangawizi na ndimu niliongeza mwenyewe. Bibi alipoonja akasema sasa limekuwa langu.

Kwa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi ya nyumba yetu. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini, Kigoma, na Krismasi ya kambini ilikuwa maharage yaleyale ya jana, ila umevaa nguo iliyofuliwa. Binti yangu mkubwa alikuwa anasimama karibu na oveni na sahani mkononi. Kipande cha karibu na mfupa kilikuwa chake, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Alipohamia mji wa Buffalo, mbali kaskazini, kikazi na kupata mchumba huko, nilimwambia wazi: siku ya harusi yako wengine watakuletea sufuria na mashuka, mimi nitakuletea paja. Alicheka tu, akabadilisha mazungumzo.

Mahari yalizungumzwa na wanaume kwa simu. Niliuliza wakwe wanasali wapi, mume wangu akanijibu ni Wakristo wenzetu, nikaridhika. Kisha nikasikia harusi ni Jumapili. Hapo ndipo nilipolala nikiwa macho. Watu wetu wanaoana Jumamosi, ili Jumapili waendeshe kurudi na Jumatatu wawe kazini. Nilipouliza, mume wangu akasema Jumapili ukumbi ni rahisi, nami nikamsifu kwa kuwa na akili.

Wiki ya harusi mume wangu alinikuta jikoni nabadilisha maji ya paja. Alisimama kidogo, akasema, "Mama, huoni kuku wangetosha?" Nikamwambia kuku kila mtu atapika. Akaenda kutazama mpira. Jumamosi asubuhi alilibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwetu Okolona, mtaa wa Louisville, hadi garini, limefungwa kwenye foili, ndani ya kasha la barafu.

Tulipitia Hilliard, pembeni mwa Columbus, Ohio, kumchukua mdogo wangu wa kike. Huyu nilimlea, nilimbeba mgongoni kwenda kuchota maji. Aliingia kiti cha nyuma, akanusa, akasema, "Dada, leo umetumaliza." Nilifurahi sana. Kutoka pale hadi Buffalo ni saa tano, na saa tano zote nilikuwa naongea mimi: nitakavyolikata mbele ya wakwe, binti atakavyodai kipande chake kwanza. Mdogo wangu aliitikia, "Eh, dada." Mume wangu aliongeza sauti ya kwaya.

Kesho yake asubuhi nilipeleka kasha langu jikoni mwa ukumbi, huko East Side. Mama wa bwana harusi alikuwepo, amejifunga kitenge, anaonja wali. Mwanamke mpole, sina ubaya naye. Alinisaidia kufungua foili, halafu akaifunga tena polepole.

"Mkwe," akasema, "hii ni nguruwe?"

"Ni paja lake. Mwanangu analipenda kupita kitu chochote."

Akaangalia mlangoni kama anayetafuta wa kumsaidia. "Mkwe wangu, sisi tunasali Jumamosi. Nguruwe hatuli. Na bibi harusi naye ameacha tangu abatizwe upya kwetu. Mimi nilijua mnajua. Baba yake alimpigia simu kumbariki, na mdogo wako alikuja kabisa, tulikaa naye benchi moja."

"Alibatizwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi."

Nilimkuta binti yangu anapakwa poda. Nikawaomba wenzake watupishe. Sikupiga kelele, na wanaonijua watashangaa. Nilimwuliza tu, "Kwa nini mimi peke yangu?" Alinijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akibanwa, kwamba aliogopa. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ungekuja, Mama?"

Ningefoka, hilo sikatai. Ningenuna mwezi mzima, ningekata simu zake, ningemwambia maneno ya kujutia. Lakini ningekuja. Huyu ni mtoto wangu, nilimzaa chini ya turubai mvua ikinyesha, nisingekuja harusini kwake kwa sababu ya siku ya kusali? Ubatizo ni wake na Mungu wake. Kilichoniuma ni kwamba watu watatu ninaowapikia walikaa wakanijadili, wakaamua mimi ni mtu wa namna gani, na mimi mwenyewe sikuitwa. Hawakunipa hata nafasi ya kukosea. Wakaniacha niloweke nyama siku mbili.

Nilimfuta chozi, nikamwambia asiharibu poda, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi. Picha zipo, na zote natabasamu.

Jumatatu paja lilirudi garini zima, na barafu mpya. Tuliingia Ohio redio ikiwa inaimba. Mimi nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa kumi alibatizwa. Mwezi wa kumi na mbili alikuja Louisville, tukala Krismasi pamoja. Nilimkatia kipande chake cha mfupani, akasema ameshiba, akakifunga kwenye foili ili akale kwake Buffalo. Baada ya siku mbili alinipigia: "Mama, safari hii karafuu zimekolea vizuri, na ile tangawizi, basi tu." Nilivimba kichwa. Kazini nilimsimulia kila mtu, hata wazee wasiosikia vizuri.

"Ile nyama ya Krismasi," nilisema bila kugeuka nyuma. "Binti alipitia kwako akirudi, sivyo?"

Mume wangu alizima redio.

"Alilala kwangu, dada," mdogo wangu akajibu.

"Na nyama?"

"Aliniachia. Niliila mimi."

"Zile habari za karafuu na tangawizi?"

"Alinipigia kuniuliza ilikuwaje," akasema. "Nikamweleza. Lakini dada, haki ya Mungu, ilikuwa tamu kweli."

Mume wangu aliendesha macho mbele kama dereva wa rais. Tukasimama Hilliard, mbele ya nyumba ya mdogo wangu. Nilishuka kabla yake, nikafungua buti, nikaburuta kasha hadi mlangoni na kuliweka miguuni pake. Aliliangalia, akaniangalia.

"Dada, lote hili?"

"Lote," nikamwambia. "Kula. Ukimaliza, mpigie binti yangu umweleze lilikuwaje, ili na yeye apate cha kunipigia."