Picha Mbili Zilizogandana

Mimi, rafiki yangu, niliwahi kuamini kwamba ndovu akipigwa picha huifuata. Ati huisikia harufu ya uso wake hata ukiufungia sandukuni, akatoka mbugani, akavuka reli na lami, mpaka afike kwenye nyumba iliyouficha na kuudai. Usicheke. Habari hiyo ilisemwa Makwasinyi mchana kweupe, hasa na jirani yetu, mama mwenye mbuzi wengi, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, umri ambao mtu huamini kila kitu isipokuwa kwamba uji umeisha.

Mwezi uliopita nilirudi kuupanda mlima Kasigau. Siku hizi naishi Voi. Nina cheti cha masomo ya jioni nilichokipata kichwa kikiwa na mvi, na nimekitundika mahali ambapo hata mwizi itabidi asimame akisome kwanza. Nina simu yenye kamera tatu, na nikipata siku ya mapumziko naingia porini kupiga picha. Humo simuni mna picha kama milioni hivi: ndovu, twiga, vinyonga, mpaka nyani aliyeniibia ndizi nikampiga akiimenya. Ya nyanya yangu aliyenilea haimo hata moja. Wala yenye uso unaotambulika haipo kwingine kokote duniani, na sababu yake ni mimi.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alitoka magharibi, kule kwenye mvua, akaletwa kwetu ukameni kana kwamba kuna mkubwa aliyemkosea. Alikuwa na kamera ya filamu, nzito kama tofali. Jumamosi alipanda mlima kutafuta kale kandege ka manjano kenye duara jeupe jichoni, kasikoishi popote ila mlima wetu, na mimi nilibeba ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Tulipita mashamba ya kunde na ndengu umande ukiwa bado, tukapanda mpaka msitu wa juu, ambako ukungu hugeuka matone kwenye majani na ukisimama dakika tano kuvu inakuota masikioni. "Pumua kama mwizi," mwalimu alikuwa akininong'oneza. Tulikuwa tukingoja saa nzima, siafu wakipanda suruali, ndipo kandege katokee na kamera ilie kacha, mara moja tu. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna kufuta. Watoto wangu hawalielewi jambo hilo. Sisi tulitazama sana kabla ya kubonyeza.

Siku moja, kwenye mwamba mkubwa kuliko kanisa, tulimwona ndovu chini tambarare akinywa kwenye kidimbwi. Ndovu mkubwa, nakwambia, kichwa kilifika majini Jumatatu na mkia ukafika Jumanne. Mwalimu akasogea kando. "Haya, leo bonyeza wewe. Usipobana pumzi utapiga vumbi." Nikabana, nikabonyeza. Ikabaki picha moja.

Tuliposhuka, mwalimu akamwomba nyanya akae apigwe hiyo iliyobaki. Nyanya alikuwa amekataa miaka yote. "Nipigwe picha nimefanya nini? Mimi si mwizi."

"Mama, imebaki moja tu. Isipotumika itaharibika."

Hapo alimpata. Nyanya hakuvumilia kitu kuharibika, hata punje ya harage iliyorukia majivuni. Akakaa mlangoni na kikapu alichokuwa akisuka, uzi wa mkonge ameubana midomoni kwa kuwa mikono imejaa, na kamera ilipolia alikuwa anacheka, uzi ukining'inia.

Picha zilisafishwa Voi zikachukua wiki kadhaa. Mwalimu alinipa mbili, ya ndovu na ya nyanya. Nyanya akaitazama yake akashangaa. "Kumbe nimezeeka hivi na hamkuniambia!" Lakini kabla kimanga, ule mseto wetu wa maharage na muhogo, hakijaiva na kupondwa, alikuwa ameiomba tena mara tatu, akipangusa mikono kwenye leso kila mara. Kisha akanikabidhi nizitunze kwenye mkebe wa biskuti. "Hiyo ndiyo mtaniwekea juu ya jeneza. Si ile ya kitambulisho, inafanana na kiazi."

Jirani alipoiona ya ndovu alishika kiuno. "Hee! Mmeleta ndovu nyumbani? Ataifuata hiyo." Mimi na akili zangu nyingi nikalaza zile picha mkebeni uso kwa uso, ili ndovu amtazame nyanya tu, asipate nafasi ya kuona mlango wetu. Mkebe nikauweka kwenye rafu juu ya meko, palipofukizwa na mvuke wa kila chungu kilichopikwa nyumba ile.

Wiki haikuisha. Tuliamka asubuhi tukakuta mahindi yaliyokuwa yakikauka shambani yamelazwa yote na ndovu, na tangi la maji ya mvua limepinduliwa, limebonyea kama chapati. Maji yalikuwa yamekata mfereji mpaka barabarani na kunyonywa na udongo mwekundu. Nyanya alisimama mikono kichwani. Hakulia. Alisema tu, "Maji yangu. Maji yangu." Jirani akaja uani. "Si nilisema? Na watarudi. Ile picha bado iko."

Nikakimbilia jikoni. Nilipofungua mkebe, picha zilikuwa zimegandana. Nikaingiza ukucha pembeni nikavuta polepole, na shavu la nyanya likaanza kubanduka, likabaki kwenye sikio la ndovu. Nikaacha. Nikalowesha vidole, nikapuliza, nikaomba Mungu kwa Kidawida, kwa Kiswahili, na kwa kale kaingereza kote nilikokuwa nako. Hazikuachana. Nyanya alikuwa ananiita nje nimsaidie kusimamisha tangi, kana kwamba lilikuwa tangi bado. Nikafikiri, wakirudi watabomoa nyumba, na yeye ndani. Basi nikachagua. Nikazitupa zote mbili motoni. Zilijikunja zikitoa moshi mweusi wenye harufu chungu, na kabla hazijaisha nikaona ukingoni ule uzi wa mkonge.

Aliiulizia mara moja. Nikasema panya. "Basi tutapiga nyingine," akasema, akaendelea kuchambua ndengu. Lakini muhula ulipoisha mwalimu akahamishwa, na kamera ikaenda naye.

Nyanya alifariki wakati wa mvua za masika, mwaka wa tatu baada ya hapo. Wajomba wakaipeleka picha ya kitambulisho Voi ikakuzwe, ikarudi doa jeusi lenye kitambaa kichwani. Ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza. Watu walipita mmoja mmoja kuaga kiazi. Mimi nililia kilio kilichosikika mpaka Ronge, na wazee wakasema, mtoto huyu alimpenda nyanya yake.

Shule niliiacha mwaka huo, kwa maana aliyekuwa akinisukuma hakuwepo. Nilipoirudia jioni, mtu mzima na watoto wake, barua ya kwanza niliyoandika kwa mkono wangu ilikuwa ya kumtafuta mwalimu. Ilizunguka shule nyingi kuliko mkaguzi wa elimu. Hatimaye simu ikalia, sauti ya mzee aliyestaafu. Nikamwuliza kuhusu negatifu, ile filamu yenyewe ambayo picha ingeweza kutolewa tena. "Kijana wangu," akasema, "sanduku lote lililiwa na mchwa. Lakini namkumbuka. Alikuwa anacheka."

Yeye anamkumbuka. Mimi nauona uzi, naiona mikono, nakiona kikapu. Nikijaribu kupandisha macho mpaka usoni, nakuta sikio la ndovu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilishuka mlimani nikapitia penye boma letu. Pameota miiba. Tangi hakuna, meko hakuna, na kijana mmoja wa shule alikuwa amesimama pale pale palipokuwa mlango akijipiga picha na simu, moja, mbili, kumi, bila kuzitazama. Jirani yupo bado. Amebaki na meno mawili na macho yanayoona mpaka Taveta. Alikuwa anasuka kikapu. Nikamwomba nimpige picha.

"Piga, baba. Piga hata mia."

"Huogopi ndovu ataifuata?" Nilikusudia kumchekesha. Badala yake nikajikuta namweleza yote, mkebe, ukucha, moto, mambo ambayo hata mke wangu hajawahi kuyasikia. Jirani aliweka kikapu chini.

"Wewe, hiyo kitu uliiamini?" akasema. "Tulikuwa tunawaambia hivyo nyinyi watoto, msipotelee mlimani na mwalimu, mbuzi zikose mchungaji. Hata asubuhi ile nilisema tu. Ndovu hafuati picha. Kile kidimbwi cha chini kilikuwa kimekauka wiki hiyo, na tangi lenu ndilo lilikuwa na maji. Walinusa maji, mwanangu. Ni hayo maji tu."