Daktari wa Nduma

Mama alikuwa na kipandauso. Kikimshika, alilala kwenye sakafu baridi ya jikoni, leso imemkaza kichwa, na sisi tukanyamaza. Alichuma majani chai kwenye shamba la mama mmoja huko juu Manyatta, na huyo mama alishamwambia wazi: "Ukikosa siku moja tena kwa sababu ya kichwa, usirudi."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sina la kufanya ila kuota. Kwenye gazeti lililofungiwa nyama niliona picha ya mwanamke anatabasamu, kipande cha jeli ya kutuliza kichwa kimebandikwa kwenye paji la uso. Nikasema, hii naweza. Hata rangi ya paketi ya kuuzia nilishachagua.

Nilianza na shubiri; peke yake ilikauka, ikadondoka. Uji wa mahindi uliita nzi. Nduma, yale magimbi ya kandokando ya mto, ndiyo ilishika. Nikaikuna, nikachanganya na maji ya mnanaa na mkaratusi, nikapaka kwenye vipande vya shuka kuukuu, nikavipoza mtoni. Kwetu hata mtoto anajua nduma huchemshwa hadi iive kabisa. Lakini nyanya alinifundisha kwamba dawa ikichemka sana inakufa, na mimi hiyo nduma sikuiona tena kama chakula. Niliipasha moto tu. Mikono iliponiwasha nilifurahi: dawa ina nguvu!

Jumatatu asubuhi Mama aliamka na kichwa. Nikambandika.

"Inapoa, mami," akaniambia. "Kweli inapoa."

Tukapanda kwenda shambani pamoja. Kikapu hakijafika nusu, akaanza kujikuna. Kope zikavimba, macho yakafunga. Akawa anachuma kwa kupapasa, majani mazee na vijiti vyote ndani. Mwenye shamba akaja, akambandua kile kitambaa, akanusa.

"Nani amekupaka nduma mbichi?"

"Ni dawa. Msichana wangu ametengeneza."

"Ai! Hata nguruwe wangu mimi huwapikia!"

Wachumaji wakacheka hadi wakashika viuno. "Daktari wa nduma! Njoo unitibu mgongo!"

Mwenye shamba hakucheka. Alimwaga kikapu cha Mama chini. "Enda. Na ubebe daktari wako."

Nilimshika Mama mkono kuteremka, maana haoni. Nililia njia yote.

"Lakini kichwa kiliacha, mami," Mama alisema.

Sijui kama ni kweli. Nyumbani aliniambia nichemshe nduma zilizobaki. Nilizichemsha hadi zikapasuka, nikamwekea moja mkononi. Akauma, akatafuna polepole.

"Hii sasa imeiva," akasema.