Fisi wa Nyamizi

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa siku hizi mengi yananitoka. Nilikuwa binti, nikisafisha mifupa ya kale katika chumba kimoja pale Kirumba, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ikiingia dirishani. Bosi wangu alikuwa Mzee Masanja, ambaye maisha yake yote alichunguza fisi waliokufa kabla binadamu hajakuwapo. Ndiye aliyenifundisha kwamba fisi si ndugu wa mbwa, yuko karibu zaidi na paka na nguchiro. Na kwamba wale wa mwanzo walikuwa wadogo kama fungo, muda mrefu kabla ya hawa wavunja mifupa.

Taya moja alilipenda kuliko yote. Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyeliona likichungulia kwenye korongo alikochimba Mzee, alipompelekea chakula. Meno yake yalikuwa membamba, Mzee akasema hii ni aina mpya, akaipa jina la mkewe. Watu walicheka: mke gani anapewa fisi! Nyamizi naye alicheka, ila alijivunia jambo hilo mpaka alipofariki.

Asubuhi hiyo yaliletwa mataya mengine kutoka korongo lilelile. Mzee akayapanga mezani pamoja na lile la Nyamizi, kuanzia lenye meno membamba hadi lenye meno manene. Hapakuwa na mahali pa kusema hapa anaishia fisi huyu, hapa anaanza yule. Wote walikuwa aina moja, iliyojulikana tangu zamani.

Akakaa. Akaomba maji, hakuyanywa.

"Na jina la mama je, Mzee?" nikamuuliza.

"Litafutwa."

"Lakini hamkujaliwa watoto. Ndilo pekee lililobaki."

Akanitazama kwa macho mekundu. "Nyamizi aliliona taya. Hilo ni kweli, na litabaki kweli. Aina mpya niliisema mimi. Sasa unataka nimuenzi mke wangu kwa uongo?"

Akaandika mwenyewe kwamba alikosea, akaenda kuyasoma maneno hayo mbele ya wataalamu wenzake. Alirudi mabega yameinama, akavaa koti lake la kazi, tukaendelea na mifupa mingine. Hakupata aina mpya tena maishani mwake.

Mwanangu, nimechoka, sitasema mengi. Utaijenga kazi kwa miaka, utaiwekea jina la mtu umpendaye, halafu ukweli utakuja na kuibomoa. Ukija, upishe. Itauma, na huenda hakuna atakayekupongeza. Lakini usimpambe mpendwa wako kwa jambo unalojua si kweli.

Mungu akupe nguvu ya kufuta kwa mkono wako mwenyewe, na ukishafuta, akupe usingizi.