Gari la Kumpeleka Mume Wangu Mjini

Mimi nina mdomo, hilo kijiji kizima kinalijua, lakini msimu ule wa mvua nilikuwa najifungia chooni nalia. Figo za mume wangu zilikuwa zimekufa. Kila Jumatatu na Alhamisi alitakiwa awe Singida mjini, asafishwe damu kwa mashine. Asipokwenda anavimba uso na miguu, na pumzi inakuwa ya kuvuta kwa shida. Daktari alishaniambia bila kuzunguka: akikosa safari moja atateseka sana, akikosa mbili mfululizo nijiandae. Hakusema nijiandae kwa lipi, na mimi sikumuuliza.

Tunakaa ndani huko, mbali kidogo na Ulemo, na kufika barabara ya lami ni lazima upande bodaboda. Mvua ikinyesha ule udongo wetu mweusi unateleza kama umemwagiwa sabuni. Siku moja bodaboda ilianguka naye, mkono ukiwa bado na bandeji ya hospitali, na mimi nipo nyuma kwenye pikipiki nyingine nimekumbatia begi. Nilipomwinua matopeni nikasema potelea mbali. Nauza ng'ombe, nauza na shamba la bondeni, nibaki na mashine yangu ya kukamua alizeti tu, tununue gari niliendeshe mwenyewe.

Yalipatikana mawili. Moja la dizeli, lile la kazi, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hilo alilileta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni dereva wa malori pale Shelui. La pili lilikuwa la umeme, gari la familia, refu kidogo, la kaka mmoja wa mjini aliyekuwa anahama mkoa. Shemeji kusikia habari za umeme alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, gari la kuchaji kama simu? Kwa umeme huu wa kwetu?"

"Wewe endesha lori lako," nikamwambia. "Mgonjwa ni wangu."

Tulianza kujaribu la dizeli. Kwenye tope, mwenyewe nakiri, lilipita kama halioni kitu. Tatizo lilikuwa kurudi. Mtu akitoka kwenye ile mashine anakuwa hana nguvu, kichwa kinazunguka, tumbo halitulii. Sasa muweke kwenye gari linalotikisika na kunuka dizeli hadi kwenye viti. Alitapika tangu tunatoka mjini. Tulipopita Iguguno aliniomba nisimamishe gari, akasema nimshushe alale kwenye majani, tumpitie kesho. Mume wangu si mtu wa utani. Nilimfungia mlango, nikaendelea kuendesha.

Yule kaka wa mjini akanipa gari lake la umeme nikae nalo wiki moja, nipime mwenyewe. Jamani. Lile gari halina mlio, halina harufu. Kwenye udongo mweusi lilikuwa linahangaika, mara mbili vijana wa jirani walitusukuma, lakini lilifika. Na tulipokuwa tunarudi siku ya kwanza, mume wangu alilala. Alilala kweli, mdomo wazi, anakoroma. Alipoamka akaomba muhindi wa kuchoma. Nilimnunulia nusu, maana daktari amemkataza vingi, na nikamtazama anavyotafuna punje moja moja. Hapo moyoni nikawa nimeshanunua.

Jumapili yake alasiri nilichomeka waya wa gari kupitia dirisha la sebuleni, ili hadi alfajiri ya Jumatatu liwe limejaa. Kisha nikaenda kwenye mashine yangu ya alizeti. Huku nyuma wingu likafunga, radi zikaanza.

Kwetu radi si kitu cha kuchezea. Imeshaua mifugo, imeshaua watu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, radi ikianza anajua la kufanya bila kuambiwa na mtu. Anafunika kioo cha kabati kwa khanga, anaingiza sufuria zote ndani, anamtaka aliyevaa nguo nyekundu akabadilishe, halafu anaingia chumba anacholala mwanawe, ambako ndiko iliko meinswichi, anazima umeme wa nyumba nzima. Amefanya hivyo tangu tulipovuta umeme, na majirani zetu wote wanafanya hivyo hivyo. Mimi mwenyewe hufanya.

Nilirudi jioni nimelowa chapachapa, nikakuta giza. Sikuuliza kitu. Umeme ukikosekana kwetu hakuna anayeuliza, unawasha tochi ya simu unaendelea na shughuli zako. Nilijua umekatika kijiji kizima na utarudi wenyewe usiku kama kawaida yake. Mama mkwe alikuwa ameshalala. Nikampa mgonjwa uji, nikalala.

Asubuhi nikaingia kwenye gari, nikakuta lina chaji ya kunifikisha Ulemo na kunisahau hapo. Nilirudi ndani mbio, nikaingia chumba cha mgonjwa, nikatazama ukutani juu ya kitanda chake. Meinswichi ilikuwa imezimwa.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata hasira iwe vipi salamu haikwepeki. "Nani amezima umeme?"

"Marahaba mwanangu. Nilizima mimi, jana. Radi ilikuwa inapiga juu ya bati. Usingizi ukanichukua kabla sijawasha."

Unamwambia nini mama mkwe? Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangemwondoa duniani. Niliyameza, nikatoka nje, nikapiga teke tairi la gari hadi kidole kikavimba. Nilipogeuka nikamkuta kakaa chini kwenye ukumbi wa nje, miguu kainyoosha kama mtu wa msibani. Alikuwa ameelewa.

"Nimemuua mwanangu?" akaniuliza.

Kulichaji upya kungekula siku nzima, na bodaboda kwenye tope lile sikuthubutu tena. Nilimpigia shemeji, nikamwambia chukua lile la dizeli, kimbia. Akaja. Alipanda mlima wa Sekenke nyuma ya foleni ya malori, akapita tope letu, na alipofika kwetu hakunicheka, na hilo likaniogopesha zaidi. Tukampakia mgonjwa. Njia nzima alikuwa ananyanyua mabega kutafuta pumzi, na moshi wa dizeli ukiingia puani nilimwona anafumba macho.

Tulifika mchana. Nesi akatuambia kwa upole kwamba mashine yake amepewa mgonjwa mwingine aliyekuwa anasubiri nafasi, tukae, wataona jioni. Shemeji akaenda kutafuta chai. Tukabaki wawili kwenye benchi, mimi nimemshika begani asije akadondoka, nasali kimoyomoyo sala isiyo na mpangilio.

"Usimkasirikie mama," akasema.

"Sijamkasirikia."

"Nilimwona anazima. Radi zikaisha, nikaona hajawasha. Swichi ipo juu yangu pale. Ningeweza kukuita."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akavuta pumzi kwanza, maana kila neno lilikuwa linamgharimu.

"Nilitaka niamke siku moja nisiende popote."

Nilitaka kumzaba kofi. Mgonjwa wa figo, mbele ya manesi, mchana kweupe. Miezi yote ile nagombana na ndugu zake, nauza ng'ombe waliozaliwa mikononi mwangu, nalala nikiota matairi, kumbe mwenzangu amelala chali anatazama swichi na amenyamaza. Nililia pale pale kwa sauti, na wala sikuona haya. Mzee mmoja aliyekaa benchi la pili akahamia mbali.

"Na gari," akaendelea, "chukua la dizeli. Nikishaondoka litakubebea magunia ya alizeti, utapeleka mafuta hadi Shelui. Lile la umeme litakufaa nini wewe?"

Hapo nilichoka. Tulikuwa tumekaa vikao, dizeli au umeme, kila mtu na hoja zake, na yeye kwenye vikao vile alikuwa anaitikia tu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu za nyumba ambayo yeye hayumo.

Jioni walimpatia nafasi, wakamsafisha kwa muda mfupi kuliko kawaida. Alhamisi akaenda tena, uvimbe ukapungua, akapona safari ile. Hakupona ugonjwa. Huo hauponi, na mimi siwadanganyi watu.

Wiki iliyofuata nikamlipa yule kaka wa mjini, nikachukua la umeme. Shemeji alikasirika, mara hii kweli. Akasema hata baada ya yale yote bado sijajifunza. Hata mama mkwe alitaka la dizeli. Siku hizi radi ikipiga anazima vilevile, ila anaweka kigoda chini ya swichi na kukaa hapo mpaka mvua ikatike, awashe. Niliwaambia nimechagua kwa ajili ya harufu ya dizeli. Ni kweli, ila si kweli yote. Gari la dizeli lilikuwa zuri, lingenifaa sana nikiwa mjane, na mimi sikutaka kitu chochote kizuri cha ujane kilale uani kwangu kabla ya siku yake.

Mume wangu nilimwambia yote, bila kuremba. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, nimemfungulia mlango wa gari, naye kasimama kashika fimbo yake, hajaamua kupanda.

"Nimenunua lisilobeba magunia," nikasema. "Halina kazi nyingine zaidi ya kukupeleka wewe. Ukiamua kuacha kwenda, niambie sasa hivi, nilirudishe, tujue moja."

Akanipa fimbo nimshikie, akaingia, akavuta mkanda.