Mguu wa Fundi wa Nguo

Fundi wa nguo wa mlango wa pili huingia kwenye duka langu la gemu hapa Kitengela kila jioni, nyuzi zikiwa bado zimemshika begani. Kwenye gemu ya ndege, haangalii jeti. Anachagua ndege ya vita ya zamani, ile ya pangaboi mbele. Wengine huipa mafuta yote mara moja, inawavuta kushoto hadi nyasini. Yeye anaongeza pole pole, mguu wa kulia ukibembeleza pedali, mpaka magurudumu yanaachana na lami. Jana adui alimjia kwa nyuma.

"Mama, piga!" Kasaine wa bodaboda, aliyekaa kando yake, akapaza sauti.

"Piga wewe," fundi akasema, akamwachia usukani. "Mimi nilitaka tu kupaa."

Akafumba macho. Mguu wa kulia ukaendelea kukanyaga, kama kuna sare za shule hazijaisha kwenye cherehani.