Insha ya Nguruwe

Mtu nisiyemjua aliniambia mtandaoni kwamba sina nafasi chuoni, nibaki kwetu na nguruwe wetu.

Tusi halikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba nguruwe sikuwataja popote.

Nilikuwa nimeanika alama zangu kwenye jukwaa lile ambako vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari huuliza "Nina nafasi?" na watu baki huwajibu. Jina la bandia. Niliandika tu kwamba natoka Iowa na nakitaka chuo fulani cha Massachusetts. Hicho chuo, kaunti yetu nzima wakimchukua mtoto mmoja, kanisani tunapiga makofi.

Jibu likaja: "Nafasi sifuri. Hiyo insha ya nguruwe itupe, ubaki nao kwenu."

Insha yangu ya kuombea chuo ilikuwa imesomwa na mtu mmoja tu. Brynn Vander Ploeg, shoga yangu tangu chekechea, binti wa daktari wa meno. Naye anaomba chuo hicho hicho.

Nililia, sitaficha. Halafu hasira ikanipanda mpaka utosini.

Kesho yake shuleni akanikumbatia. "Maren mpenzi, insha umebadilisha?"

"Nimeitupa," nikamwambia. "Naandika habari za bibi yangu. Ila ile ya nguruwe niliimalizia vizuri. Nikutumie uisome tu?"

"Nitumie, shoga."

Nikamtumia.

Januari tukaitwa kuhojiwa. Chuo humtuma mtu aliyesoma pale zamani, anayeishi karibu. Wetu alikuwa mzee Haugen, daktari wa mifugo mstaafu. Akatuita mkahawani kwa Darlene, mmoja baada ya mwingine. Nikakaa meza ya jirani na pai yangu, nasubiri zamu.

"Insha yako umeandika nini?" akamuuliza Brynn.

Akaanza. Dhoruba ya theluji, nguruwe wake Pearl anazaa, yeye anawakausha watoto kwa taulo. Maisha yangu, neno kwa neno, mbele ya macho yangu.

Mzee akafurahi. "Na baba yao?"

"Duke. Maksai wetu mkubwa."

Mzee akaweka uma chini. "Rudia, binti."

"Duke, maksai wetu. Baba mzuri sana."

Kwa msiofuga: maksai ni dume aliyehasiwa, awe ng'ombe au nguruwe; hazalishi. Hilo neno nililipachika mimi kwenye nakala niliyomtumia, makusudi, nikijua mtoto wa daktari wa meno hatauliza maana yake.

Meza ya wafugaji dirishani ikageuka. Mmoja akasema taratibu, "Basi Pearl ana mengi ya kueleza."

Wakacheka mpaka Darlene akatoka jikoni.

"Duke wa kina Hoekstra?" mzee akauliza, akitaja ukoo wetu. "Nilimhasi mwenyewe."

Hilo sikulipanga. Mungu aliniongezea.

Brynn akanigeukia, uso mwekundu. "Si ulisema umeitupa?"

"Na wewe ulisema sina nafasi."

Insha sikuitupa, bwana. Chuoni niliituma ile ile, bila maksai.

Mei mosi kwetu kila anayemaliza shule huvaa fulana ya chuo anachokwenda. Yangu ilitoka Massachusetts. Brynn alivaa ya chuo cha hapa hapa jimboni, kaifunika kwa koti, na joto lote lile.

Ndugu zangu, anayekupimia nafasi yako, mwangalie kwanza amesimama wapi. Huenda mko foleni moja.

Wiki ile jukwaani mtu akauliza: "Nimekataliwa. Nikiomba tena mwakani, nina nafasi?" Nilimjua kwa uandishi wake. Nikamjibu maneno mawili.

"Muulize Duke."