Mjukuu Wangu Amekauka Kwenye Besiboli, Nyumbani Wanasema Nimemroga Mimi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana binti yangu anausoma ukurasa huu akiwa chooni, na humo ndimo anamokaa sana.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Kwenye karatasi nilizaliwa tarehe moja Januari kama wakimbizi wote, wazungu wa kambini walikuwa na haraka. Ni Mkongo wa Fizi, nimekula maharage ya kambini Kigoma hadi meno yakachoka, sasa niko Lewisville, Texas, kwa binti yangu. Mke wangu alishafariki. Shule niliishia la tano, kwa hiyo mkiona makosa mcheke kimyakimya.

Binti yangu ana kijana, tumuite Espoir, anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Anacheza besiboli, ule mchezo wa mmoja kurusha mpira na mwingine kuusubiri na rungu. Mama yake anapakia maboksi kwenye ghala huko Mesquite, mgongo umeisha, na tumaini lake lote ni kwamba makocha wa vyuo watamwona kijana wampeleke kusoma bure. Nyumba nzima inaishi kwa lile rungu.

Sasa shida ni mdomo wangu. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Namuita mume mwenza, yeye ananiita kibogoyo, tunatukanana vizuri tu na hakuna anayenuna. Mwezi wa nne Espoir alikuwa moto, mipira inaruka uzio inaangukia magari ya watu. Mama yake akachoma nyama, akaita kanisa zima. Nikamwambia mbele ya wote, "Mume mwenza, kula sasa. Jua la mwezi wa saba likifika utakuwa unapiga upepo kama bibi anayefukuza kuku." Watu walicheka. Mchungaji alicheka hadi soda ikamtoka puani.

Sikuota wala sikupiga ramli. Sina kazi, nashinda mbele ya televisheni nikiangalia wakubwa wa mchezo huo, na kila mwaka ni yaleyale. Mwanzo wa msimu mtu anapiga kama ana pepo. Halafu warushaji wanamsoma, wanajua mpira gani hauwezi, wanamlisha huohuo mpaka anashiba. Joto nalo linamla mikono. Anaingiwa na hofu, anarukia kila kinachopita. Wengine msimu ukielekea mwisho wanafufuka, wengine ndiyo basi. Na hao wanalipwa mamilioni. Sijui wao wamerogwa na mzee wa wapi.

Basi, mwezi wa saba ukafika na Espoir akakauka. Timu nyingine zilishagundua kwamba mpira wa chini, karibu na magoti, haugusi. Kocha alimwambia mama yake hivyohivyo, akasema ni kawaida, atarudi. Binti yangu akajibu kwamba kocha anajua mpira, hajui ukoo wetu. Akampigia nabii mmoja wa Houston kwa video. Nabii akafumba macho, akaona mzee mwenye ndevu nyeupe ameshika rungu la mtoto. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria na mimi, na ndevu zangu hizi, nilikuwa nyuma ya binti yangu nakula ndizi. Sijui alifumba macho ya nini.

Tangu siku hiyo chakula changu kinapakuliwa peke yake. Sahani ya Espoir inafunikwa nikipita jikoni. Wajukuu wadogo wameambiwa wasipokee pipi mkononi mwangu, na yule wa mwisho, ambaye nimembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, akiniona anasimama ukutani nipite. Uwanjani siendi tena. Mchungaji, yule wa soda, ameamua kwamba Jumapili hii nisimame madhabahuni, nichukue maji mdomoni, nimtemee mjukuu kifuani kama wazee wetu walivyokuwa wakiondoa laana, halafu nitemee na rungu. Nikikataa, binti yangu ananipeleka Houston kwa kaka yake. Mke wa huyo kaka ndiye aliyewatafutia nabii.

Yote hayo nilikuwa nayacheka. Nilimwambia binti yangu kama ningekuwa na uchawi ningeanza na mapishi yake.

Ila juzi Espoir alinipeleka kuchukua dawa zangu za presha. Nikamchokoza, nikamwambia mume mwenza, hata usukani unaushika kama unaogopa utakupiga. Hakucheka. Akaegesha gari, akazima injini, macho ameyaelekeza mbele.

"Babu, kama ni wewe, please, niachie," akasema. "Mpaka makocha wa vyuo wapite tu. Baadaye fanya unavyotaka."

Nikashuka kwenda kuchukua dawa bila utani hata mmoja. Mimi, ambaye nimemtania padri akinipaka mafuta ya wagonjwa. Mtoto hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananibembeleza kama mtu anavyombembeleza mbwa mkali.

Sasa nimefikiri hivi. Nikitema maji na Espoir akaanza kupiga, maana wakati wake wa kurudi unakaribia, kanisa lote litasema si mnaona, mchawi kaachia. Nikitema na asipige, watasema mzee ametema nusu. Nikikataa na akapiga, ni nabii kanishinda. Nikikataa na asipige, mnajua wenyewe. Nimehesabu pande zote, hakuna ninapotoka mtu mzuri.

Ningeweza kukubali tu, kwa ajili yake. Uzee wenyewe umebaki kidogo, na jina la mchawi halizidishi presha. Lakini nikitema, nimemthibitishia. Mwakani atakauka tena, kila mpigaji hukauka, na badala ya kuutazama ule mpira wa magotini, ataanza kuangalia nani kazeeka nyumbani. Mama yake naye nywele zimeshaanza kuwa nyeupe.

Nishaurini, nifanye nini Jumapili? Na tafadhali msiniambie nifunge na kuomba. Huku kila mtu anaomba, ndiyo maana nakula peke yangu.